Somo: Spamu zinapita, barua za kazi zinatupwa

Wakuu, habari zenu. Nimekosa usaili kwa sababu barua ya mwito ilitupwa kwenye folda ya spamu, huku inboksi imejaa warithi wa mamilioni wanaonitafuta. Nikawalalamikia watoa huduma wangu. Jibu: "Bonyeza ripoti spamu." Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu! Basi nikajitafutia dawa mwenyewe.

Hatua ya 1: Okoa barua njema kwanza. Ingia folda ya spamu, kila iliyo halali ibonyeze "si spamu". Usichelewe, folda hiyo hujisafisha. Gmail, kwa mfano, hufuta baada ya siku 30.

Hatua ya 2: Acha kuzuia anwani moja moja. Jina la mtumaji ni kama lile la nyuma ya bahasha, yeyote huandika atakalo. Fungua chanzo cha barua (maandishi yake ghafi), tafuta mstari wa Authentication-Results, yaani matokeo ya ukaguzi. Barua yangu moja iliyojifanya ya benki ilisomeka spf=fail, dmarc=fail: vipimo vya kujua kama barua imetoka kweli kwenye domeini inayodai (ile sehemu baada ya @), na vyote imefeli. Yaani seva ya mtoa huduma wangu imeikagua, imeandika kwa mkono wake kwamba haiamini, halafu ikaikaribisha sebuleni. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Hatua ya 3: Tengeneza kichujio: barua yenye dmarc=fail iende folda ya "Mashaka". Usiifute, kuna siku utaihitaji. Kama mtoa huduma wako hana kichujio cha namna hiyo, programu ya barua pepe ya Thunderbird inacho.

Hatua ya 4: Ukijisajili mahali, andika jina+duka@ badala ya jina@, kama huduma yako inaruhusu. Spamu ikija kwa anwani hiyo, umeshajua ilivujia wapi.

MASWALI

Mkuu, nikibonyeza "jiondoe" si nawaambia kwamba nipo?
Kwa matapeli, ndiyo, usiguse. Jarida ulilojiandikisha mwenyewe, jiondoe tu. Ukiliripoti unakipotosha kichujio.

Barua ninazoelekeza kutoka akaunti ya zamani zinaonyesha spf=fail, hata za bosi!
Kawaida. Seva inayoelekeza haimo kwenye orodha ya seva zilizoruhusiwa na domeini ya mtumaji. Tazama dkim, saini ya kidijitali ya domeini; hiyo husafiri salama barua isipobadilishwa njiani.

Kwa hiyo barua yenye pass (iliyofaulu vipimo) ni salama?
Hapana. Tapeli mwenye domeini yake hupita pia. Inathibitisha domeini iliyotuma, haisemi kama mwenyewe ni mwema.

Wewe umehama mtoa huduma?
Nimehama. Akaunti ya zamani nimeiacha wazi, kuna watu bado wananiandikia kule.