Mfereji wa nje unaovuja kwenye treila: usiuzibe kabla hujachungulia chini ya nyumba

Naandika haya nikiwa likizoni Kisauni, ambako khala yangu ameniuliza kwa mara ya tano imekuwaje mfereji mmoja wa nje ukanila dola 2,300. Kwake yeye, mfereji ukivuja hutegwa ndoo, huitwa fundi akabadilisha wosha, na kabla ya magharibi mambo yamekwisha. Nami nilifikiri hivyo hivyo, na ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoishi Marekani katika nyumba za kuhamishika, zile ziitwazo treila, jina ambalo huku linawafanya jamaa waamini kwamba tunalala ndani ya lori la makontena la Changamwe.

Nyumba hizi hazikukaa juu ya msingi wa mawe kama zetu. Zimeinuliwa juu ya vyuma na nguzo za matofali, na paipu za maji hupita chini ya sakafu, katikati ya sufi ya kuzuia baridi iliyoshikiliwa na karatasi nene nyeusi ya plastiki. Mafundi wa kule huliita eneo hilo tumbo la nyumba. Maji yakiingia humo hayadondoki ardhini ukayaona, bali hujikusanya kama yaliyotiwa kiribani, huku sakafu, ambayo katika treila nyingi za zamani ni ubao wa chembechembe zilizoshikizwa kwa gundi, ikiyafyonza polepole hadi ivimbe na kulainika.

Mwezi wa Aprili nilianza kumwagilia sukuma wiki zangu kila jioni, nikaona matone yakichuruzika pale mfereji unapoingia ukutani. Nilinunua silikoni, nikaziba ufa wote kwa ustadi, matone yakakoma, na nikampelekea ami picha ili ajue kwamba mtoto wa Mombasa hahitaji fundi. Kumbe nilikuwa nimeyafungia maji mlango wake wa kutokea. Kila jioni niliyomwagilia, sehemu ya maji ilirudi ndani ya ukuta na kushuka tumboni, na baada ya wiki sita mguu wa kitanda ukazama sakafuni. Kwa hiyo nasema, na nitasema tena: tone linalotoka ukutani usilizibe. Likitoka kwenye mdomo wa mfereji, hiyo ni wosha iliyochakaa. Likitoka kwenye shina la mpini, kaza nati yake robo mzunguko. Lakini likitoka ukutani, acha silikoni dukani, chukua tochi, ingia chini ya nyumba.

Chanzo chenyewe kilitokea miezi mingi nyuma. Mifereji ya nje ya nchi za baridi huwa na shina refu, kwa kawaida kati ya inchi 6 na 12, ili valvu ikae ndani kwenye joto na maji yaliyobaki mbele yake yatiririke nje ukifunga. Ukiuacha mpira wa kumwagilia umefungwa mdomoni, maji hayo hayatoki. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi huganda, hutanuka na kupasua bomba la shina. Na hapa ndipo mtego ulipo: kwa kuwa ufa uko mbele ya valvu, mfereji ukifungwa hauvuji hata tone, hata kidude kidogo kinachozunguka kwenye uso wa mita kinakaa kimya. Unavuja pale tu unapoufungua. Hivyo siku ya kwanza ya kuutumia baada ya majira ya baridi, fungua maji, kisha ziba mdomo wa mfereji kwa kidole gumba. Ukiweza kuyazuia maji yote kwa kidole tu, huenda yamepata njia nyingine. Funga mara moja, ukachungulie chini.

Kubadilisha si kazi kubwa: funga koki kuu, fungua mifereji ya ndani maji yaishe, toa mfereji wa zamani, weka mpya wenye urefu ule ule, ukiinamia nje kidogo. Kabla hujagusa paipu, chomoa umeme wa mkanda wa kupasha moto, ule unaozungushiwa paipu zisigande, na usilehemu kwa moto ukiwa katikati ya plastiki na sufi. Karatasi ya tumbo ikichanwa, sufi iliyolowa itolewe, sakafu ikauke kabisa kabla ya kufunika. Jamaa wa nyumbani, kwa heshima zote, msitupelekee mfereji wa shaba kutoka Mwembe Tayari. Ami alinitumia mmoja, mzuri na mzito, lakini uzi wa paipu za Kenya ni wa vipimo vya Kiingereza na wa Marekani una pembe tofauti. Unashika mizunguko michache kisha unavuja, na zaidi ya hayo haukutengenezwa kwa baridi.

Someni pia mkataba wa kiwanja. Nyumba ni yenu, ardhi si yenu, na kwa kawaida mwenye kiwanja hushughulikia maji hadi yanapofikia nyumba. Baada ya hapo ni mfuko wako. Bima nayo mara nyingi hutofautisha paipu iliyopasuka ghafla na uvujaji wa muda mrefu, na mimi niliambiwa kwamba wiki sita si ghafla.

Kilichoniuma zaidi ni jirani yangu, mzee mstaarabu anayenipungia mkono kila asubuhi. Yeye huufungua mpira wake kila Oktoba, na aliuona wangu umening'inia theluji nzima. Nilipomuuliza mbona hakuniambia, alijibu kwamba hakutaka kuingilia mambo ya mtu. Kisauni angenigombeza akiwa upande wa pili wa barabara, na mtaa mzima ungesikia. Wamarekani huhesabu kunyamaza kuwa adabu, basi msingoje kuambiwa. Waulizeni, kwani wakiulizwa hueleza vizuri na hata hukuazima spana. Yule mzee ndiye aliyenionyesha koki ya mfereji wa nje, iliyojificha nyuma ya mashine ya kufulia, ambayo nilikaa miaka mitatu bila kujua kwamba ipo.