Ukichukua maneno ya mtu, sema umeyatoa wapi

Haya wenzangu mnaoandika risachi, msisubiri mwisho wa kazi ndo mkusanye vyanzo, wallahi mtalia. Mie nshawahi kusaka ukurasa mmoja usiku kucha na kitabu nshakirudisha maktaba. Ukisoma tu andika pale pale jina la mwandishi, mwaka na ukurasa.

Na kutumia chanzo si kubandika. Tuseme unaandika shida ya maji, anza na hoja yako, halafu lete ushahidi, mfano sensa ya 2022 iliyohesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, kisha eleza hiyo namba inasaidia vipi unachosema, maana peke yake haisemi kitu. Namba yenyewe itoe kwenye ripoti ya sensa, sio blogu iliyokopi kwengine.

Ukibadilisha maneno bado unamtaja mwenyewe, hapa ndo wengi wanateleza. Kwa APA, mtindo mmoja wa kutaja vyanzo, ni jina na mwaka kwenye mabano, ukinukuu neno kwa neno ongeza ukurasa. Bi mkubwa uliyepiga naye soga Makunduchi haingii orodha ya vyanzo ya mwisho, unamtaja ndani tu, mazungumzo binafsi, na tarehe. Ukienda Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, nakili namba ya faili kabla hujalirudisha.