Namna ya Kuishi Jahazini na Kuwaona Wanyama wa Bahari

Anayetaka kuwaona nyangumi, pomboo na kasa katika pwani yetu hana chombo kilicho bora kuliko jahazi, kwa sababu tanga halina kishindo cha mashine, na mwendo wa taratibu humpa mtu muda wa kuyatazama maji yale yale kwa dakika nyingi. Hata hivyo jahazi ni mahali pa kazi kwanza, na abiria asiyeufahamu utaratibu wa mabaharia huketi mahali pabaya, akachomwa na jua na kuzuia njia ya wenzake, huku wanyama wakipita upande wa pili wa tanga asiouona.

Anza kwa kuchagua majira. Kati ya Juni na Agosti kusi huvuma kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa, kwa hiyo mimi humshauri anayesafiri kutoka Kilwa au Mafia kwenda Unguja angoje Septemba, upepo unapoanza kulegea lakini ungali ukitoka nyuma, na mkondo wa pwani nao ukielekea kaskazini. Wakati huo nyangumi wenye nundu, ambao hutoka katika bahari za baridi za kusini na kuanza kufika kwetu yapata Julai ili kuzaa, wangali wakionekana pamoja na watoto wao. Ikiwa shabaha yako ni papa potwe, subiri Oktoba hadi Machi, ukae karibu na Kilindoni kisiwani Mafia, ambako samaki huyo aliye mkubwa kuliko samaki wote hufuata dagaa na uduvi karibu na ufuo.

Kabla ya kupanda, muulize nahodha kama chombo kina kibali cha kubeba abiria, na uhakikishe kwa macho yako kwamba jaketi za kujiokolea zinatosha watu wote. Chukua lita 5 za maji kwa kila siku ya safari na nyingine za akiba, kofia yenye kamba ya kidevuni, darubini, daftari na penseli, kwa kuwa wino huyeyuka unapoguswa na maji ya chumvi.

Siku ya jahazini huanza alfajiri. Wenye kuswali huelekea karibu kaskazini kamili, kwa maana Makka iko kaskazini mwetu moja kwa moja, kisha mabaharia huyatoa kwa ndoo maji yaliyoingia usiku katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na mpishi huwasha makaa katika sanduku la mbao lililotiwa mchanga. Jitolee kutoa maji au kusafisha mchele. Anayeshiriki kazi huelezwa mambo ambayo abiria wa kawaida haambiwi, kwa mfano mahali ambapo nyangumi walionekana juzi. Ulizia mapema choo, ambacho kwa kawaida ni kisanduku kilichoning'inizwa nyuma ya chombo, na ukitumie mchana kweupe kabla hujalazimika kukitafuta gizani.

Mahali pa kukaa ni jambo la kuzingatia kuliko yote. Keti upande wa goshi, yaani unakotoka upepo, kwa sababu upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, tanga hukuziba macho. Nahodha akitoa amri ya kugeuza tanga, inama, uache kamba zote, wala usisimame mpaka foromali itulie, kwani ni mti mzito unaoshikilia tanga, usioweza kuzuiwa kwa mkono.

Wakati mzuri wa kutazama ni asubuhi, kabla upepo haujapanda na povu jeupe kuficha kila kitu. Lipe jua kisogo, kisha yapitishe macho polepole kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi, yaani nyuma, bila darubini kwanza. Ukiona membe wengi wakipiga mbizi mahali pamoja, fahamu kwamba jodari wanawasukuma dagaa juu, na mara nyingi pomboo wako papo hapo. Baharia mwenye mshipi wa kurambaza, yaani unaokokotwa nyuma ya chombo, atakuwa ameshaona kabla yako. Kichwa cha kasa hufanana na kifuu kinachoelea, tofauti ikiwa ni kwamba kifuu hakizami ghafla. Nyangumi hutambulikana kwa wingu la mvuke linaloruka juu na kutoweka. Akiinua mkia, anazama kwa kina, na huenda zikapita dakika 10 au zaidi kabla hajatokeza tena, kwa hiyo usikate tamaa wala usikae ukitazama pale pale alipozamia.

Mwombe nahodha akae umbali wa mita 100 au zaidi, na asipite kamwe kati ya mama na mtoto wake. Usirushe chakula wala usiruke majini. Mfuko wa plastiki ukipeperuka ukaanguka baharini, ufuatwe ikiwezekana, kwani kasa huudhani konyeza akaumeza.

Usiku usilale mapema. Bahari ikiwa na vijimea vinavyong'aa, pomboo wanaoogelea kando ya chombo huacha michirizi ya mwanga wa kijani. Vilevile, chombo kikiwa kimetia nanga na upepo umetulia, shuka katika ngama ulaze sikio kwenye ubao: wimbo wa dume la nyangumi husafiri mbali sana majini, na mbao za jahazi huweza kuupitisha mpaka ndani. Mimi naiona saa hiyo kuwa na thamani kuliko picha yoyote.

Andika kila unachokiona papo hapo: saa, mahali, idadi na mwelekeo. Ukibahatika kumwona nguva, ambaye amebaki kwa uchache sana katika maji ya Rufiji na Mafia, andika pia kina cha maji na kama palikuwa na majani ya bahari, kisha ukishafika nchi kavu peleka taarifa hiyo siku hiyo hiyo kwa wahusika wa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia.