Kusafisha njia ya porini na klabu ya 4x4: anza na jaa

Mara ya kwanza klabu yetu ilipofanya usafi kwenye vichochoro vinavyochepuka barabara ya Magadi, tulirudi na magunia 40 na vifua mbele. Kufika jaani, geti limefungwa. Magunia yalilala uani kwangu siku mbili, na mama mwenye nyumba bado ananikumbusha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia mwisho.

1. Tafuta pa kumwaga
Wiki 2 kabla, pigia ofisi ya mazingira ya kaunti (kwetu ni Kajiado). Uliza jaa lipi litawapokea, linafungwa saa ngapi, na kama magari yenu yanahitaji kibali, maana Kenya usafirishaji wa taka una leseni zake za NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Chupa za plastiki na vyuma vitafutie mnunuzi wa skrepa.

2. Onana na wenyeji
Ardhi ile ina wenyewe. Nenda kwa mzee wa boma, mwamkie kwa Kimaasai "Sopa", naye akishajibu "Ipa" ndipo useme shida yako. Muulize taka zinamsumbua wapi. Mzee mmoja alitupeleka kwenye korongo ambalo tungelipita tu: mifuko ya plastiki imefukiwa mchangani, ncha zimechomoza, na mbuzi wanazing'oa kwa meno kama majani. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini ya zamani ingali humo.

3. Chagua kipande kifupi
Kilomita 3 zinatosha. Taka hukaa penye kivuli: chini ya mgunga panapoegeshwa magari, na kwenye vivuko ambako watu hunasa. Huko utakuta na zetu wenyewe, kamba zilizokatika na makopo ya oili. Anzeni na hizo.

4. Vifaa
Magunia imara, reki, koleo, ndoo ya vioo, sanduku la huduma ya kwanza, maji lita 5 kwa kila mtu. Glavu ziwe za ngozi. Za mpira mwembamba hazifui dafu mbele ya mwiba wa mgunga. Gunia la vioo lisizidi nusu, la sivyo halinyanyuki.

5. Kazi yenyewe
Anzeni saa 12 na nusu asubuhi. Ikifika saa 4 lile bonde ni tanuri.

Magari yabaki kwenye alama za matairi zilizopo. Ukiona chupa mita 50 porini, shuka utembee. Nimeona dereva akiponda vichaka ili aokote kopo moja; afadhali angeliacha.

Tairi la lori lililotumbukia korongoni ndilo kazi ya winchi, ile mashine ya gari ya kuvutia kwa kamba. Tandika blanketi zito juu ya kamba, na asisimame mtu karibu nayo wala usawa wake, kwa sababu ikikatika inarudi kama mjeledi. Tairi lililochomwa ni balaa zaidi: hubaki fundo la nyaya nyembamba zenye kutu, na moja tu ikipenya tairi lako mnaanza kuziba pancha juani. Zikusanye kwa reki, uzitie kwenye magunia mawili, moja ndani ya jingine.

Kila kitu kigeuze kwa fimbo kwanza. Nge hupenda ubaridi wa chini ya plastiki. Sindano usiguse: weka alama, toa taarifa. Na ukiwa karibu na Olorgesailie, eneo la zana za mawe za kale, mawe yaache yalipo. Huenda hilo "jiwe" ni shoka la mkono lililochongwa mamia ya maelfu ya miaka iliyopita.

6. Kurudi
Funika mzigo kwa turubai na uukaze kwa kamba kabla ya kupanda lami. Gari la mwisho lisibebe gunia hata moja. Kazi yake ni kuokota mtakachodondosha hadi Kiserian.