Kufuatilia mwanga wa shimo jeusi kubwa ukiwa Moshi

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Moshi hudhani mashimo meusi ni ya wenye darubini za mabilioni. Hapana. Kompyuta na bando la siku moja vinatosha, maana vipimo viko wazi kwa kila mtu.

Anza na 3C 273, kwaza (yaani kiini angavu cha galaksi chenye shimo jeusi kubwa linalomeza gesi) iliyo katika kundinyota la Mashuke. Mwaka 1963 Maarten Schmidt aligundua kwamba iko mbali mno. Nuru yake imesafiri takriban miaka bilioni 2. Shimo lenyewe halionekani. Tunachokiona ni gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa, ikisuguana hadi kung'aa kuliko galaksi nzima. Joto la gesi likiyumba, mwanga nao huyumba.

Ingia tovuti ya mradi wa ASAS-SN, mtandao wa darubini unaopiga picha anga mara kwa mara, andika mahali ilipo angani, nyuzi 187.278 na 2.052, pakua jedwali la vipimo vya mwangaza. Futa vipimo vyenye kosa kubwa. Usichanganye vipimo vya kichujio cha rangi cha V na vya kile cha g, wala kamera moja na nyingine. Kisha chora grafu, ukigeuza mhimili wa mwangaza, kwani namba ndogo ndiyo angavu zaidi. Pengo la kila mwaka karibu na Oktoba lisikushtue: Jua linapita upande ule.

Hatua ninayowabana nayo kuliko zote ni nyota shahidi. Tafuta nyota jirani iliyo tulivu, yenye mwangaza unaokaribiana, uichoree grafu vilevile. Nayo ikipanda na kushuka siku zilezile, umepima kamera, hukupima kwaza. Tena, ukiona mawimbi mawili matatu usikimbilie kutangaza kwamba yanajirudia kwa majira. Gesi hii huyumba bila mpangilio, na myumbo wa aina hiyo huzaa mawimbi ya uongo kwa urahisi sana.

Ukishajiridhisha, fanya hesabu ninayoipenda mno. Mwanga ukibadilika sana ndani ya siku 10, eneo linaloung'arisha haliwezi kuzidi mwendo wa nuru wa siku 10: kilomita bilioni 260 hivi. Umepima kitu ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona umbo.

Mwenye darubini ya kipenyo cha sentimita 20 aitafute kwaza hii mwenyewe kabla masika hayajaanza. Katikati ya Februari, kama saa tisa na nusu usiku, hupita karibu na utosi. Toka kwenye taa za mji, elekea upande wa mashamba ya miwa ya TPC, na ubebe ramani ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mwanga, yenye nyota za kulinganishia.