Jinsi ya Kupanga Muziki wa Klasiki wa Kukulaza, Hata Ukiishi Kando ya Barabara ya Outering

Nafundisha piano hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wazazi wa wanafunzi wangu halihusu piano hata kidogo. Wanataka kujua wasikilize nini ili wapate usingizi. Wengi wameshajaribu: wametafuta "muziki wa kulala" YouTube, wakabonyeza cha kwanza kilichotokea, na walipoanza tu kusinzia tangazo la kamari likawakurupusha. "Mwalimu, huo muziki umenikataa," wananiambia. Muziki haujamkataa mtu. Kilichokosekana ni mpangilio, na kuupanga ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya 1: Chagua kipande, usichague mtunzi

Klasiki si jina lingine la utulivu. Mwaka 1792 Joseph Haydn aliwasikilizisha watu wa London simfoni yake ya 94. Sehemu ya pili inaanza taratibu, wimbo unarudiwa kwa sauti ya chini zaidi, kisha ghafla okestra nzima na ngoma zake inapiga pigo moja la kishindo. Haydn alikusudia kabisa. Sasa fikiria pigo hilo likikukuta saa 5 usiku, macho ndiyo kwanza yanafumba.

Hata sonata ya Beethoven ya mwaka 1801, ile inayoitwa ya Mwanga wa Mwezi, ina sehemu tatu. Ya kwanza inalaza. Ya tatu ni dhoruba tupu. Ukipakua sonata nzima umejitega mwenyewe, kwa hiyo chukua sehemu ya kwanza peke yake.

Kasi utaipima kwa saa ya ukutani. Gonga kidole kufuata muziki huku ukitazama mshale wa sekunde: vikienda pamoja, hayo ni mapigo 60 kwa dakika. Watafiti wa muziki na usingizi hupenda vipande vya kati ya mapigo 60 na 80. Muziki ukizidi hapo, mguu huanza kutikisika wenyewe.

Tafuta pia kipande cha ala moja: piano, gitaa au selo. Sababu yake ni ya kifundi. Okestra inaweza kushuka mpaka kunong'ona na kupanda mpaka kunguruma ndani ya kipande kimoja. Katika nyumba yenye kelele utaongeza sauti ili usikie minong'ono, halafu ngurumo ikifika inakuamsha wewe na jirani. Ala moja haina tofauti kubwa hivyo.

Vipande ninavyowapa watu kwanza ni viwili. Gymnopédie ya kwanza ya Erik Satie, ya mwaka 1888, hudumu kama dakika tatu, na mkono wa kushoto hurudia mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho: noti ya chini, kisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), noti ya chini, kisha kodi. Cha pili ni Berceuse ya Chopin, opus 57 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Humo mkono wa kulia unapamba na kupamba, lakini wa kushoto karibu haubadiliki kabisa, kama mama anayempigapiga mtoto mgongoni huku akiongea na mgeni. Kwa maoni yangu hakuna kipande cha piano kinacholaza kuliko hicho.

Chopin huyohuyo ana Nocturne ya opus 9 namba 2, ambayo watu huiweka kwenye kila orodha ya kulala. Ni nzuri mno, ila karibu na mwisho inapanda kwa nguvu kabla ya kufifia. Mimi siiweki.

Hatua ya 2: Sikiliza mchana, hadi noti ya mwisho

Kila kipande ukisikilize chote ukiwa macho, hata ukiwa jikoni. Unatafuta mahali sauti inaporuka. Na tahadhari na rekodi za jukwaani: kipande kinaisha kwa upole, kisha ukumbi mzima unapiga makofi. Tafuta rekodi ya studio ya kipande kilekile.

Hatua ya 3: Pakua, kisha kata intaneti

Muziki ukae ndani ya simu. Bando likiisha usiku wa manane, au tangazo likiingia, kazi yote imeharibika. Kama hulipii huduma yoyote ya muziki, kuna rekodi halali za bure. Mwaka 2012 mpiga piano Kimiko Ishizaka aliirekodi Goldberg Variations ya Bach, yaani wimbo mmoja uitwao Aria na mageuzi yake 30, na ikatolewa bila masharti ya hakimiliki. Tafuta Open Goldberg Variations uipakue yote.

Kazi hiyo ilichapwa mwaka 1741, na kuna kisa maarufu kwamba iliandikwa kwa ajili ya mheshimiwa mmoja, Keyserlingk, aliyekuwa akikosa usingizi na kupigiwa muziki na kijana Goldberg. Kisa hicho kiliandikwa mwaka 1802, Bach akiwa ameshafariki zamani, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Mimi pia, maana baadhi ya yale mageuzi 30 yanakimbia kasi ambayo haimlazi mtu. Chukua Aria ya mwanzo, mageuzi ya 13, na Aria inayorudi mwishoni.

Kabla ya kulala, washa hali ya ndegeni. Kama lazima upatikane, kwa mfano una mzazi mgonjwa kijijini, tumia "Usinisumbue" na uruhusu namba yake tu.

Hatua ya 4: Dakika 45, kisha kimya

Mwaka 2008 watafiti wa Hungaria waliwapa wanafunzi wenye matatizo ya usingizi muziki wa klasiki wa dakika 45 kila usiku kwa wiki 3. Usingizi wao uliboreka, ilhali waliosikilizishwa vitabu vilivyosomwa kwa sauti hawakupata nafuu kama hiyo. Basi jaza dakika 45 kwa kurudia vipande vichache, na uweke kipima muda kizime muziki. Spotify inacho, na programu ya VLC ya Android pia. Zima na ile tabia ya programu kuendelea kucheza nyimbo nyingine orodha inapokwisha.

Hatua ya 5: Spika na sauti

Weka spika ndogo mbali na kichwa, juu ya kabati au upande wa pili wa chumba. Lala, kisha punguza sauti mpaka ulazimike kutulia ndipo uufuate wimbo. Trela likipita Outering muziki utamezwa kidogo. Uache umezwe. Ukitaka kuzishinda honi za matatu utapandisha sauti mpaka muziki wenyewe uwe kelele. Na kama tatizo ni baa iliyo chini ya ghorofa yako, hilo Chopin haliwezi. Kuna kanuni za kelele za mwaka 2009, na malalamiko yapeleke serikali ya kaunti.

Simu isikae chini ya mto, hasa ikiwa kwenye chaja, kwa sababu hupata joto. Earphone za kuingiza masikioni mimi sizipendi kwa usiku mzima, zinaumiza ukilala ubavu. Ukilala na mwenzako asiyetaka muziki, spika bapa ya kuweka chini ya mto ni afadhali.

Hatua ya 6: Orodha ileile, kila usiku

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu wanachoka na Satie siku ya nne. Kuchoka ndiko tunakokutaka. Kipande kipya kinakufanya usikilize, lakini ulichokizoea hakikudai chochote. Usibadilishe orodha kabla ya wiki 3 kwisha, na ukishamaliza kuikagua kama kwenye Hatua ya 2, usiipige tena mchana ukifua au ukipika.

Muziki ukizima bado uko macho, usiuanzishe tena. Ondoka kitandani. Hata katika bedsita, nyumba ya chumba kimoja, kuna kiti: kaa hapo, taa hafifu, simu mbali, urudi usingizi ukikujia. Na kama unakosa usingizi angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 3, au unaambiwa unakoroma hadi unakabwa pumzi, nenda hospitali. Orodha yako inaweza kuendelea huku ukitibiwa.