Somo: Kutambua virusi vya tetekuwanga, vya chanjo au vya asili?

Mtoto aliyechanjwa akitokwa na malengelenge, macho hayawezi kujua chanzo. Huenda ni virusi vya chanjo, aina ya Oka iliyodhoofishwa Japani miaka ya 1970. Huenda ameambukizwa virusi vya asili. Kupima kingamwili hakutofautishi. Lazima tusome DNA.

Hatua ya 1: Chukua gaga la kidonda, au sugua kitako cha lengelenge kwa kijiti kikavu chenye ncha ya nyuzi za sintetiki, si pamba. Napenda gaga kuliko vyote, lina DNA nyingi na halisumbui kusafirisha. Kuotesha virusi kwenye seli huchukua muda na mara nyingi hushindikana.

Hatua ya 2: Toa DNA, kisha zidisha kwa PCR (mbinu ya kunakili DNA mara nyingi) vipande vya jeni 38, 54 na 62.

Hatua ya 3: Kata vipande kwa vimeng'enya PstI, BglI na SmaI; kila kimoja hukata DNA kwenye mfuatano wake maalumu wa herufi. Hapa ndipo penye kazi. PstI hukata jeni 38 ya virusi vingi vya asili, lakini ya Oka haikati. BglI hukata jeni 54 ya Oka, na huacha nzima ile ya virusi vingi vya Ulaya na Marekani. Tatizo ni kwamba Oka yenyewe ilitokana na virusi vya asili vya Japani vyenye alama hizohizo mbili. Kwa hiyo mwamuzi ni jeni 62: kwenye nafasi ya 106262, herufi T imegeuka C katika chanjo, na SmaI ikapata mahali pa ziada pa kukata.

Hatua ya 4: Pitisha kwenye geli, inayotenganisha vipande kwa urefu, usome mistari: kila mstari ni vipande vya urefu mmoja.

MASWALI

– Mwalimu, PstI haijakata. Niandike ni chanjo?
Usiandike bado, ndugu. Huenda kimeng'enya kimeharibika. Kila mara pitisha pembeni DNA ya virusi vya asili na ya Oka. Ya asili isipokatika, rudia kipimo chote.

– Njia hii inaonyesha koo (makundi ya kinasaba) za virusi vya asili?
Haitoshi. Jenomu ina takriban herufi 125,000 na koo hutofautiana kidogo sana. Soma mfuatano wa DNA sehemu kadhaa, au jenomu nzima. Siku hizi koo huitwa kwa namba.

– Na mkanda wa jeshi?
Husababishwa na virusi hivihivi vya tetekuwanga vikiamka, kwa hiyo hatua ni zilezile. Virusi vya chanjo navyo vinaweza kujificha kwenye neva na kuamka baadaye, kwa hiyo aliyechanjwa apimwe vilevile.